Bwawa Kavu Nalo Laweza Kuua

Ndugu msomaji, huenda ukishaona kwamba makala haya yanahusu bwawa la kuogelea la nyumbani utataka kufunua ukurasa unaofuata. Utasema: hayo ni mambo ya wenye nacho, na mimi ninayepanga foleni bombani yananihusu nini? Sikulaumu. Mimi nami ni mpangaji wa vyumba viwili, na maji ya kuogea kwangu hupimwa kwa ndoo. Hata hivyo, ninakuomba univumilie hadi mwisho, kwa sababu nitakalokueleza si habari ya anasa. Ni habari ya kazi iliyofanywa kwa pupa, ya gharama ya pupa hiyo, na ya kijana mmoja ambaye nusura nimpoteze kwa mikono yangu mwenyewe.

Bwawa lenyewe ni la baba yangu mkubwa, lipo nyumbani kwake Kigamboni, ng'ambo ya pili ya pantoni. Baba Mkubwa si tajiri. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli kwa muda wote wa utumishi wake, na kwa kuzaliwa ni mtu wa Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya watu, miongoni mwao walikuwamo watu aliowafahamu tangu utoto. Alikwenda kuzika, akarudi Dar es Salaam akiwa kimya. Mwaka uliofuata alianza kuchimba shimo uani kwake. Majirani walidhani ni la choo. Aliponunua nondo na saruji, wakadhani ni tangi la maji. Yeye aliwajibu kwa ufupi kuwa hakuna mtoto wa ukoo wake atakayekufa maji kwa sababu ya kutojua kuogelea.

Bwawa hilo lina urefu wa meta 10 na upana wa meta 5. Upande wa watoto kina chake ni meta 1, na upande wa pili ni meta 2. Mimi mwenyewe nilijifunzia humo, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni, na yeye akiishika kamba hiyo akiwa ukingoni kama mtu anayevua samaki.

Miaka ikapita. Mama Mkubwa akafariki, watoto wakaoa na kuolewa, na bwawa likakosa mtu wa kulishughulikia. Maji yakageuka kijani, vyura wakahamia, na mbu wakazaliana wapendavyo, maana maji yaliyotuama hayahitaji hata wiki mbili kutoa kizazi kipya cha mbu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 majirani walimjia Baba Mkubwa kwa adabu wakamwambia achague moja: alifukie au alitengeneze. Aliniita, na baada ya kupokea shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, mimi miguu imekataa. Nalikabidhi kwako. Pasaka nataka wajukuu waogelee."

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia. Niliisikia ile Pasaka, wala sikuisikia ile kazi.

Nilimchukua mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisubiri nafasi ya chuo, tukakodi pampu na kutoa maji. Tulisugua kuta kwa brashi za nguo, tukafagia tope, tukaliacha bwawa likauke siku moja tu. Kisha nikaenda dukani nikanunua rangi ya mafuta, ile ile tunayopaka milango na kuta za jikoni, kwa sababu ilikuwa rahisi na rangi yake ya buluu ilinipendeza. Tukapiga mikono miwili, tukajaza maji, na kwa macho kazi ilipendeza kweli.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 17 Aprili. Ndugu wote walikuja. Watoto waliruka majini kwa shangwe, na walipotoka nywele zao zilikuwa na vipande vya rangi kama maganda ya samaki. Nilipochungulia chini niliona kuta zimejaa malengelenge, mengine yakiwa makubwa kama viganja. Rangi ilikuwa ikibanduka yenyewe. Fedha yangu ilielea juu ya maji mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyecheka, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama wangecheka.

Sababu zilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyetaka kuzijua kabla. Rangi ya nyumba haikutengenezwa kukaa chini ya maji, tena maji yenye klorini. Aidha, zege hunyonya maji kama sifongo. Juu hulioni tone, lakini ndani kumejaa unyevu, na unyevu huo ukitafuta njia ya kutokea huisukuma rangi mbele yake. Zaidi ya hayo, sikuwa nimekwangua rangi ya zamani. Nilipaka juu ya magamba, na gamba linapobanduka huondoka na kila lililo juu yake.

Kwa aibu niliyokuwa nayo, nilitaka kuyatoa maji siku iliyofuata nianze upya. Baba Mkubwa alinikatalia katakata. "Sasa ni masika," alisema. "Ukilimwaga bwawa hili leo, utalikuta kesho limeinuka kama mashua."

Nilidhani ni maneno ya uzee, kumbe ni elimu. Ardhi ya pwani ina maji karibu, na wakati wa mvua maji hayo hupanda. Bwawa lililojaa hutulia kwa sababu uzito wa maji yaliyomo hulikandamiza. Bwawa tupu ni chombo kitupu: maji ya chini ya ardhi hulisukuma juu kama yanavyosukuma meli isiyo na shehena. Likiinuka, sakafu hupasuka, mabomba hukatika, na hapo hakuna rangi itakayosaidia. Hivyo basi, tuliendelea kuyatia maji dawa ili mbu wasirudi, tukangoja.

Mwezi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, tulichimba shimo jembamba kando ya bwawa, lenye kina kinachozidi kile cha bwawa, ili tuone maji ya ardhini yamefika wapi. Tulipoliona kavu, ndipo tukafungulia pampu. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba bwawa la kadiri hiyo lina lita 75,000, yaani ndoo 3,750 za lita 20. Katika mji ambao ndoo ni fedha, kuyamwaga hovyo ni dhambi. Tuliacha kuyatia klorini kwa siku kadhaa, jua likaimaliza ile iliyobaki, na majirani wakaja na madumu kwa ajili ya bustani zao na kufyatulia matofali.

Safari hii tulikwenda kwa utaratibu, Baba Mkubwa akiwa msimamizi kutoka kwenye kiti chake chini ya mwembe. Tulikwangua rangi yote, yangu na ya kale, mpaka tukalifikia zege tupu. Tulitumia vikwangulio, brashi za waya na msasa, na kazi hiyo peke yake ilichukua siku tisa. Tulivaa miwani na vizuia vumbi, kwa maana vumbi la rangi ya zamani si la kuvutwa puani. Nyufa tulizichimbua zikapanuka kidogo, tukazisafisha, tukaziziba kwa saruji, kisha tukaiacha saruji hiyo ikomae siku 28. Mtu mwenye haraka huziona siku hizo kuwa za bure. Mimi nilikuwa nimekwisha kuilipia haraka yangu.

Baada ya hapo tuliosha kuta kwa sabuni ya kuondoa mafuta, kwani mafuta ya miili ya waogaji hubaki kwenye zege na rangi haishiki juu yake. Ndipo ikaja zamu ya tindikali. Tindikali ya hidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji hulila zege kidogo na kuliacha na mikwaruzo midogo kama msasa, na hiyo mikwaruzo ndiyo rangi huishikilia. Kuna sheria moja ambayo ningependa kila mzazi aijue: tindikali humiminwa ndani ya maji, polepole, wala maji hayamiminwi kamwe ndani ya tindikali, kwa sababu huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Wala tindikali haikutanishwi na klorini, hata kwa bahati mbaya katika ndoo moja, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Tulivaa mabuti na glavu za mpira. Tulipomaliza tuliua ukali wake kwa maji yenye magadi, tukasuuza mara tatu.

Kisha tukaliacha likauke. Kujua kama zege limekauka tulitumia njia ambayo hata wewe mwenye ukuta unaobanduka unaweza kuitumia. Tulikata kipande cha nailoni angavu, tukakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, tukakiacha siku nzima usiku na mchana. Ukikibandua ukaona matone upande wa ndani, ukuta bado una maji. Mara mbili tuliona matone, na mara mbili tukarudi nyumbani bila kugusa kopo. Mara ya tatu nailoni ilikuwa kavu.

Rangi tuliyonunua ilikuwa ya epoksi, iliyotengenezwa kwa mabwawa, ambayo huja katika makopo mawili, rangi na kigumisho chake. Ukishayachanganya, una muda wa kuhesabu tu kabla haijaganda ndani ya ndoo. Tulipima kwanza. Sakafu ni meta za mraba 50, kuta ndefu mbili ni 30, kuta fupi mbili ni 15, jumla 95. Kwa mikono miwili ni 190. Tukalinganisha na kilichoandikwa kwenye kopo, tukanunua kinachotosha. Baba Mkubwa alichagua rangi nyeupe yenye buluu hafifu. Niliposema ingependeza zaidi buluu iliyokoza, alinijibu kuwa bwawa si la kupendeza. Sakafu ikiwa nyeusi nyeusi, mtoto aliyezama huonekana kama kivuli. Sakafu ikiwa nyeupe, huonekana kama mtoto.

Sasa nifikie lile lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya kupaka mkono wa kwanza jua lilikuwa kali. Nilijua kuwa rangi haipendi kupakwa juu ya zege lenye moto, na upepo ulikuwa ukipeperusha majani ya mwembe. Nikajiona mwerevu: nikatandaza turubai kubwa juu ya bwawa, upande wa kina, nikalifunga kwa kamba ili tupate kivuli na tuzuie takataka. Mpwa wangu akashuka chini na rola yake. Mimi nikabaki upande wa watoto nikichanganya rangi. Kijana yule ana tabia ya kuimba akiwa kazini. Aliimba, nami nikawa nachanganya rangi, nikiwaza kuhusu makala niliyotakiwa kuyakabidhi Jumatatu.

Nilichosahau ni kwamba rangi ile na kiyeyushi chake hutoa mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaenda zake. Huteremka, ukajikusanya chini kama maji. Mimi nilikuwa nimeufunika kwa turubai usipate pa kutokea, na kitambaa alichojifunga kijana puani huzuia vumbi tu, mvuke hakizuii.

Baba Mkubwa ndiye aliyesikia. Tuseme kweli, hakusikia kitu, na hilo ndilo lililomwinua kitini. Mzee ambaye miguu yake ilikuwa imekataa alisimama akapiga kelele, "Wimbo umekatika! Toa turubai!" Mimi nikatupa mwiko nikataka kuruka chini. Akanguruma kwa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo: "Usishuke! Turubai kwanza!"

Tulikata kamba, nami nikalivuta turubai. Kijana alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, rola mapajani, macho yako wazi lakini hayaoni. Nilimwita, hakuitika. Baba Mkubwa akanirushia kamba ile ile ya zamani, ya kufundishia watoto, nikajifunga kiunoni. Jirani aliyekuja mbio akaishika juu, na ndipo nikaruhusiwa kushuka upepo ukiwa umekwisha kupita. Tulimtoa. Alipolazwa kivulini alitapika, akalalamika kichwa, akauliza kwa nini tunalia. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapewa hewa, akabaki chini ya uangalizi hadi kesho yake. Alipona. Ninaandika neno hilo kila mara kwa shukrani.

Usiku ule Baba Mkubwa alinieleza kwamba katika meli aliwahi kuona tangi tupu likiua. Mtu hushuka kulisafisha, huanguka. Mwenzake humwona, huruka kumwokoa, naye huanguka juu yake. "Huruma bila akili huongeza maiti," alisema. Hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwa nini alichimba bwawa lile. Nilikaa macho hadi alfajiri nikiwaza kwamba bwawa lililojengwa ili watoto wasife maji, mimi nilikuwa nusura nimuue mtoto ndani yake pasipo tone la maji.

Kazi tuliimaliza, lakini kwa sheria mpya. Tulipaka asubuhi mapema na jioni, jua likiwa pole, pasipo turubai. Hakushuka mtu mmoja peke yake bila mwingine kukaa ukingoni bila kazi nyingine yoyote ila kumtazama. Kila nusu saa tulipanda kuvuta hewa. Mkono wa pili tulipiga ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha tukaiacha rangi ikomae siku saba kamili kabla ya kurudisha maji. Juu ya ukingo tukaandika vina kwa tarakimu kubwa, na kuzunguka bwawa tukaweka uzio wenye lango linalojifunga lenyewe, komeo lake likiwa juu, asikolifikia mtoto mdogo.

Labda utauliza: shida yote hiyo ya nini? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Wengi wa watoto hao hawafi katika mabwawa ya kuogelea. Hufa katika mito, visima, mashimo ya ujenzi yaliyojaa mvua, hata pipa lililoachwa wazi uani. Kwa hiyo, wewe usiye na bwawa nawe unalo. Funika pipa lako. Fukia shimo ulilochimba udongo. Ukitaka kusafisha tangi lako la maji la ardhini, usimshushe kijana peke yake, acha mfuniko wazi muda wa kutosha kwanza, na usilipake rangi yoyote isipokuwa iliyoandikwa kuwa inafaa kwa maji ya kunywa. Na unapopaka chumba chako rangi ya mafuta, fungua madirisha, watoto wasilale humo usiku ule.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tumeirudia methali hiyo hadi imekuwa kama salamu, haisikiki tena. Mimi niliisikia vizuri siku moja tu, pale kimya kilipotoka chini ya turubai.

Rangi ile haijabanduka hadi leo. Mpwa wangu amemaliza chuo, na Jumamosi anapopata nafasi huwafundisha kuogelea watoto wa ukoo na wa majirani, wale ambao wazazi wao walitaka bwawa lifukiwe. Bado anaimba akiwa kazini. Baba Mkubwa hukaa chini ya mwembe, macho yake hayaoni vizuri tena. Huwa hatazami bwawa, husikiliza. Nami kila ninapokuwa huko hujikuta nimenyamaza ili nisikilize pamoja naye.